Mdomo wa Mgonjwa Si Urembo

Yapo mawazo potofu, hata miongoni mwa watumishi wenye elimu, kwamba kumtengenezea mtu mdomo uliokatwa kwa ajili ya kansa ni anasa ya mataifa tajiri. Mawazo hayo hayana budi kupingwa, na hasa Uru, ambako hospitali kubwa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini tu ya mteremko.

Kansa hii hupenda mdomo wa chini, kwani ndio unaolielekea jua. Wenye ualbino ndio walio hatarini zaidi. Baridi ya Uru hudanganya: mtu hasikii joto, kumbe miale ya jua huzidi ukali kadiri mtu anavyopanda mlima. Mwalimu anayemvua mtoto huyo kofia kwenye mstari wa asubuhi, eti nidhamu, anamwandalia kidonda.

Kidonda kikikatwa kingali kidogo, sehemu iliyoondolewa isizidi theluthi ya mdomo, daktari huzivuta kingo mbili akazishona, akihakikisha kwamba mpaka wa wekundu wa mdomo na ngozi umekutana barabara. Kikiachwa kikala nusu ya mdomo au zaidi, kazi huwa nyingine kabisa. Hapo nyama hukopwa mdomo wa juu au mashavuni. Mwaka 1974 daktari Karapandžić, wa Yugoslavia ya wakati huo, alieleza njia ya kuizungusha nyama iliyobaki bila kukata mishipa yake ya damu na ya fahamu, ili mdomo uendelee kuhisi na kufumba. Hata hivyo kinywa huweza kubaki kidogo, kijiko kikapita kwa taabu.

Na asiyetengenezewa je? Udenda humchuruzika mchana kutwa. Uji humwagika. Herufi za m, b na p hazitamkiki pasipo midomo kufumbana. Mzazi huyo hawezi hata kumwita mwanawe "baba" au "mama". Hujificha migombani, asionekane sokoni wala katika mkutano wa kijiji. Huo ndio mdomo unaoitwa urembo!

Basi mwalimu aonaye mdomoni mwa mwanafunzi kidonda kisichopona kwa majuma matatu ampeleke zahanati juma hilo hilo. Na mtendaji anayeombwa barua na mgonjwa asiye na uwezo asimwambie arudi mwezi ujao, maana mwezi ujao theluthi ile huenda imekwisha kuwa nusu.