Samaki Naye Huugua

Mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu ile iliwafunza wananchi wa Katavi kwamba migebuka na dagaa si mali isiyokwisha. Ndiyo maana wito wa kufuga samaki katika mabwawa na vizimba umepata masikio, nasi twauunga mkono. Hata hivyo lipo jambo moja lisilosemwa vya kutosha katika wito huo, nalo ni kwamba samaki naye huugua.

Mkulima wa Kabungu hana haja ya kufundishwa maana ya chanjo. Anajua kwamba kuku wasiotiwa matone ya kideri machoni hufa banda zima kwa juma moja. Wazee wake waliijua sotoka, iliyokuwa ikifyeka ng'ombe wa Afrika kwa maelfu. Chanjo iliyoivunja nguvu sotoka ilitengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki, huko Muguga, Kenya, karibu na mwaka 1960, na Walter Plowright pamoja na wenzake. Na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani. Basi kwa nini tufikiri kwamba kiumbe wa majini hahitaji kinga?

Samaki wa ziwani anao uwanja mpana. Wa bwawani amebanwa na wenzake maelfu, na maji anayoyavuta mmoja ndiyo anayoyavuta mwingine. Wahenga walisema kuwa samaki mmoja akioza huoza wote. Katika bwawa methali hiyo ni habari ya kweli. Mwaka 2014 wataalamu walivitambua virusi vipya vinavyoua sato, vilivyogunduliwa kwanza Israel. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulikuta alama za virusi hivyo katika sato wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na upande wa Tanzania. Mwaka huo huo, katika Ziwa Volta nchini Ghana, ugonjwa mwingine wa virusi uliingia vizimbani, na wafugaji wakawa wakiopoa mizoga badala ya mavuno.

Wako waliotangulia kupita njia hii. Wanorwe hufuga samaki aina ya salmoni baharini. Mwaka 1987 walitumia karibu tani 50 za dawa za kuua bakteria ili kuwaokoa samaki wao, na dawa zikitumiwa hivyo, vijidudu huzizoea. Wakageukia chanjo: kila samaki huchomwa sindano angali mdogo, kabla ya kupelekwa baharini. Katika miaka michache dawa zikashuka hadi tani chache tu, na leo hawafikishi hata tani moja kwa mwaka, ilhali wanavuna zaidi ya tani milioni moja za samaki.

Pengine msomaji atasema: basi na tuagize chanjo. Twamwomba asubiri kidogo. Chanjo haikingi kifo. Hukinga ugonjwa unaojulikana. Chanjo ya kideri haimfai kuku mwenye ndui. Wanorwe walianza kwa kupima samaki waliokufa na kuyatambua maradhi, ndipo wakatengeneza sindano. Samaki wakifa leo katika bwawa la Kabungu, nani atakuja kuwapima? Samaki aliyekufa huoza upesi, na sampuli ikifika maabara imeoza haisemi neno.

Kwa hiyo twasema kwamba kazi ya kwanza ni kuyajua maradhi. Halmashauri zinazohimiza uchimbaji wa mabwawa hazina budi kumpa afisa uvuvi sanduku la barafu, usafiri, na njia ya hakika ya kufikisha sampuli kwa wataalamu. Vituo vinavyouza vifaranga vya samaki navyo vikaguliwe, kwa maana kifaranga mgonjwa akiuzwa katika vijiji kumi hupanda ugonjwa katika vijiji kumi. Kumhimiza mwananchi achimbe bwawa kwa jasho lake, kisha kumwacha peke yake siku samaki wanapoelea, si maendeleo.

Mfugaji naye anao wajibu. Anunue vifaranga mahali panapojulikana, na awatenge wageni kwanza kabla ya kuwachanganya na wenyeji. Asijaze samaki kupita kiasi. Baada ya mavuno akaushe bwawa na kulitia chokaa. Nyavu za jirani asizitie majini kabla ya kuzisafisha na kuzianika juani. Mizoga aifukie, wala asiitupe mtoni. Asimwage bwawani vidonge vya binadamu. Zaidi ya yote, asifiche vifo. Twajua kwamba anaficha kwa kuogopa hasara. Lakini ukimya wake ndio unaoupeleka ugonjwa kwa jirani, na kutoka kwa jirani mpaka mtoni.

Maradhi ni adui wa zamani wa taifa hili, na hayachagui nchi kavu wala majini. Mabwawa yaendelee kuchimbwa Kabungu na kote Katavi. Lakini mwenye kulitembelea bwawa kwa kulipima asije nyuma ya mwenye kulihimiza. Waje pamoja.