Jiko la kuchezea lisiachwe kama lilivyotoka dukani

Majiko ya kuchezea watoto yanayouzwa madukani Arusha na Kariakoo yanafanana mno: plastiki ya rangi ya waridi, oveni yenye mlango wa kufunguka, sinki lenye bomba lisilotoa maji, na sahani ya vipande vya piza. Mzazi au shangazi aliyejibana akanunua moja na kulifikisha Kansay, wilayani Karatu, amempelekea mtoto picha ya jikoni kwa watu wengine. Kansay ni kata ya wakulima na wafugaji. Huko katika nyumba nyingi maji hutoka kwenye ndoo na dumu, ugali husongwa juu ya mafiga au jiko la mkaa, na maharage, ngwara au makande hukaa motoni kwa saa kadhaa. Sisemi zawadi hiyo ni mbaya. Ninasema haijakamilika, na anayepaswa kuikamilisha ni mtu mzima wa nyumba hiyo, kwa bisibisi, msasa na vipande vya mbao, kabla mtoto hajaizoea na kuichoka.

Kuna atakayeuliza: si mtoto hugeuza chochote kuwa chochote? Watoto wetu wamejipikilisha miaka yote kwa makopo, visoda, matope na majani, wala hakuna aliyelalamika kwamba kopo halifanani na sufuria. Hoja hiyo ina uzito, na imewahi kuchambuliwa vizuri na mwanasaikolojia wa Kirusi, Lev Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933 kuhusu mchezo. Alieleza kwamba fimbo inaweza kuwa farasi kwa sababu mtoto anaweza kuipanda na kukimbia nayo; kadi ya posta haiwezi, kwa kuwa haipandiki. Kinachohitajika basi ni kifaa kinachoruhusu tendo lenyewe, hata kama hakishabihiani na kitu halisi kwa sura. Hapo ndipo jiko la dukani linaposhindwa na kopo. Kusonga ugali kunataka sufuria itulie, mkono mmoja ushike, mwingine ugeuze mwiko kwa nguvu. Kikaango chepesi cha plastiki kilichowekwa juu ya stika ya duara huteleza mara moja. Mtoto aliyemwona bibi yake akisonga anataka kufanya vile, na kifaa kinamkatalia. Anabaki kufungua na kufunga mlango wa oveni, tendo ambalo nyumbani hajamwona mtu akilifanya.

Kwa hiyo marekebisho yaanzie kwenye matendo. Mapambo yanaweza kusubiri. Stika za duara ziondolewe, na mahali pake vifungwe vipande vitatu vya mbao vilivyolainishwa kwa msasa, ili sufuria ndogo ya bati ikae bila kuyumba. Sinki halihitaji bomba. Linahitaji kidumu cha kumiminia na beseni la kuoshea vyombo. Oveni iwe kabati la unga. Vipande vya piza si lazima vitupwe, ila viwe na wenzao: punje za mahindi na mbaazi kwa mtoto aliyekwisha acha kutia vitu mdomoni, na kitunguu halisi, kwani Mang'ola ndiko kunakolimwa vitunguu vinavyojaza masoko na haipo mbali. Kiwepo ungo mdogo, upawa, na mwiko uliochongwa kwa kimo cha mkono wa mtoto. Kama jiko lina taa au sauti, kifuniko cha betri kikazwe kwa skrubu, maana betri ndogo za duara zikimezwa huunguza koo. Na lisipakwe rangi iliyobaki kwenye kopo la zamani. Rangi yenye madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto.

Jiko la kuchezea kufuata jikoni ya nyumbani si jambo la ajabu. Katika karne ya 19, mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walikuwa mashuhuri kwa majiko ya kuchezea yaliyoonyesha jikoni za Kijerumani za wakati huo, pamoja na meko ya wazi na vyombo vya shaba. Oveni ya plastiki tunayoletewa leo nayo ni nakala ya jikoni ya mahali fulani. Ni kwamba mahali penyewe si Kansay.

Kuna pingamizi jingine zito zaidi: kwa nini kuhangaika na jiko la kuchezea wakati mtoto wa kijijini hufundishwa kupika kwa kupika? Wilaya hiyohiyo ya Karatu ina ushahidi wake. Watafiti walioishi na Wahadza kando ya Ziwa Eyasi wameandika jinsi watoto wadogo wanavyojitafutia sehemu ya chakula chao, kucheza na kazi vikiwa vimechanganyika. Nakubali, na ndiyo maana napendelea jiko lililorekebishwa: linasogea karibu na kazi halisi. Lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kuachiwa uji unaotokota. Jiko la kuchezea linampa nafasi ya kukosea bila kuungua.

Wengine watasema kuweka mafiga kwenye mchezo ni kumrudisha mtoto nyuma, hasa sasa ambapo mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hawa nawajibu kwa urahisi: nyumba yenye mtungi wa gesi iweke mtungi, uchongwe kwa mbao na upakwe rangi salama. Jiko la kuchezea lifuate nyumba, na nyumba ikibadilika lifunguliwe skrubu tena.

Na tafadhali, rangi ile ya waridi isiamue nani acheze. Karatu inaishi kwa utalii, na katika hoteli na kambi za njia ya Ngorongoro wanaume wengi wanalipwa mshahara kwa kupika. Mvulana anayefukuzwa jikoni nyumbani anafungiwa ajira ambayo huenda mjomba wake anaitegemea.

Ombi langu la mwisho ni kwa mafundi seremala wa Karatu wanaotengeneza vitanda na meza za hoteli. Vipande vya mbao mnavyovichoma kama kuni vinatosha miiko, vinu vidogo na mafiga ya kuchezea. Vichongeni, vipigeni msasa, mvitandaze mnadani kando ya plastiki. Wazazi wakiviona watanunua.