Machozi ya Kipa

Watu hudhani mpiga picha za mpira huwinda bao. La. Bao likishaingia, mimi huigeuza kamera kwa aliyefungwa, maana uso wake ndio wenye habari.

Lakini kuna siku nilijuta. Zama zile filamu ilikuwa na picha 36 tu, nami katika uwanja wa Manispaa, Mombasa, tatu za mwisho nilizimalizia kwa kipa kijana aliyekaa chini akilia, glavu usoni. Gazeti likaitoa kubwa. Siku ya tatu mamake akanikuta sokoni Kongowea. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, angekuwa nduguyo usingemsitiri?" Jibu sikuwa nalo.

Tangu hapo, kilio cha mtu peke yake nakiona ni nusu ya picha. Mkumbukeni Derek Redmond, Barcelona 1992. Msuli wa paja ulichanika katika nusu fainali ya mita 400, babake akashuka kutoka jukwaani, akamkumbatia wakaenda pamoja hadi mwisho. Analia mbele ya dunia nzima, lakini amesitirika.

Kamera za leo hazihesabu filamu. Mimi bado hungoja mkono wa pili uingie.