Uwanja wa watoto si parseli



Juma hili tuzungumze juu ya nafasi za wazi katika kartie zetu: viwanja vya masomo, mabonde tunamolima lengalenga na matembele, vivuli vya miembe kando ya barabara. Katika komine zote tatu za Kindu, yaani Kasuku, Mikelenge na Alunguli, nafasi hizo zinapungua. Leo mtu anapima, kesho vijiti vimesimama, keshokutwa matofali yamefika.

Sababu tunaijua. Tangu Maniema ilipokuwa jimbo mwaka 1988, Kindu ni makao makuu. Watu walikuja kutafuta kazi na masomo, wengine walikimbia vita. Kila jamaa inahitaji nyumba, na hatumkatalii mtu. Lakini parseli moja inakatwa mara mbili, mara tatu, hata choo cha huyu kinakaribia kisima cha yule. Parseli zikiisha, macho yanageukia mali ya wote.

Sisi walimu tunaiona hasara mapema. Uwanja ukimegwa, watoto wanacheza barabarani katikati ya pikipiki. Bonde likijaa nyumba, maji ya mvua yanatafuta njia chumbani. Na mama aliyekuwa akiuza mboga anaanza kununua mboga.

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Udongo uliowekwa kwa kazi ya watu wote haupewi mtu mpaka kwanza utolewe rasmi katika kazi hiyo. Basi mtu akionyesha karatasi ya uwanja wa masomo, tusimwulize amelipa ngapi. Tumwulize: uwanja huu ulitolewa lini katika kazi ya umma, na kwa amri ya nani?

Tufanye nini?

Kwanza, komite za wazazi zitafute sasa karatasi na ramani ya masomo, na nakala zikae kwa watu wawili.

Pili, tukiona vijiti, tuandike barua siku ileile kwa shefu wa kartie na kwa burgumestre, tubaki na nakala yenye muhuri. Kijiti kinang'oka, msingi wa nyumba ni kazi nyingine.

Tatu, tupande miti mipakani. Mpaka unaoonekana haumegwi kwa urahisi.

Nne, tuambizane ukweli: wanunuzi si wageni tu. Wamo kaka zetu, wamo waume zetu, na pengine pesa zinatoka katika likelemba yetu. Mama, kabla ya kutoa franga, omba kuona sertifika ya uandikishaji. Karatasi ya mkono peke yake haitoshi mbele ya sheria. Na kama mahali penyewe ni uwanja wa watoto, kataa hata kwa bei ya chini.

Kwenye mkutano ujao, kila kikundi kilete jina la nafasi moja ya wazi iliyobaki katika avenue yake, na jina la mama atakayeiangalia.