Miche ya maua nayo ipimwe

Busanza, katika Sekta ya Kanombe jijini Kigali, kila ua wa nyumba mpya unataka bustani. Kana, dalia na waridi hununuliwa vitaluni, au hukatwa kwa jirani na kuchomekwa ardhini bure. Bustani nyingi huanza hivyo, na virusi vya mimea navyo husafiri hivyo hivyo.

Virusi vingi haviingii kwenye mbegu. Lakini mmea uliotokana na kipande cha shina au tunguu huchukua ugonjwa wote wa mama yake. Vidukari huusambaza zaidi, na baadhi ya virusi hubebwa hata na mkasi wa kupogolea.

Tatizo ni kwamba ugonjwa huo wakati mwingine hupendeza. Abutiloni yenye madoa ya njano imeuzwa duniani miaka mingi kama pambo, kumbe madoa ni kazi ya virusi. Tulipu za michirizi zilizowatia wazimu matajiri wa Uholanzi katika karne ya 17 zilikuwa mimea migonjwa. Mnunuzi wa Busanza anayechagua mche kwa sababu majani yake yana rangi mbili hana kosa, hakuna aliyemwambia.

Majani mengi yakififia kwa usawa, huenda udongo umechoka, na mbolea itatoa jibu. Batobato isiyo na mpangilio, vijiduara vya njano, majani machanga yaliyojikunja au petali zenye rangi iliyokatika ni dalili za kutilia shaka. Hata hivyo, dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo huleta sura ileile, na mmea unaong'aa kwa afya unaweza kuwa umebeba virusi. Uhakika hutoka kwenye kipimo: Elisa, kinachojulikana tangu 1971, vipimo vya vinasaba, au ukanda mdogo unaosoma utomvu wa jani kwa dakika chache palepale kitaluni. Mmea ukithibitika kuugua, hakuna dawa ya kuuponya. Hung'olewa.

Wapo watakaosema maua si chakula. Virusi vya batobato ya tango huishi katika maua mengi ya bustani, na kutoka hapo huvamia nyanya, pilipili na migomba. Rwanda haihitaji kufundishwa gharama yake: mwaka 2014 michirizi ya kahawia iliharibu vibaya mashamba ya muhogo kusini mwa nchi, na ugonjwa huo pia hupita kwenye vipande vya kupandia.

Ibara ya 108 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha mwaka 1999, inazitaka nchi wanachama zioanishe ukaguzi wa mimea na kuanzisha maabara za kanda za kutambua magonjwa. Shehena kubwa hukaguliwa mpakani. Chungu cha maua ndani ya buti la basi ni nadra kuulizwa cheti.

Mamlaka ya ukaguzi ya Rwanda, RICA, na wenzao wa Kenya, KEPHIS, waanze na vitalu. Si lazima kila mche upimwe. Inatosha kupima mimea mama michache inayokatwa vipande mwaka mzima, na kuipa lebo moja inayotambulika Kigali, Kampala na Nairobi.