Mbwa aliyeachwa si zamu wa siku moja



Mu miji yetu ya shaba, kutoka Lubumbashi hadi Likasi na Kolwezi, watu wanahama kila mara. Kontra inaisha, kampuni inapunguza watu, shefu anarudi kwao, familia inafuata kazi ku mji mwingine. Kamiyo inabeba vitanda, frigo, viti na masufuria. Mbwa anabaki. Siku ya kwanza anangojea ku mulango. Siku ya tano anatafuta chakula mu takataka. Kisha mutu mumoja anamuhurumia, ama anajisemea: "Huyu atanilindia lupangu", anamufunga kamba mu shingo na kumupeleka kwake.

Kumupokea ni jambo nzuri, siko na shida na hiyo. Shida yangu ni ile inafuata. Asubuhi amefika, usiku tunataka afukuze mwizi. Akilala, fimbo. Akilia, fimbo. Akiogopa, tunamutilia pilipili mu bukari ati "akuwe mukali". Kiisha miezi miwili amemuma mutoto wa jirani, na hapo wote tunasema: huyu mbwa ni mubaya. Mimi nasema wazi: ubaya haukutoka kwa mbwa. Mutu ambaye hana mwezi moja wa uvumilivu, afazali asimuchukue. Na ule anayemuchukua, amufundishe sawasawa, maana mbwa mwenye woga ni hatari kwa watoto wetu wenyewe mbele ya kuwa hatari kwa mwizi.

Najua jibu ya wengine: "Delege, watu hawana unga, mushahara umechelewa, na wewe unatuletea habari ya mbwa?" Nasikia. Lakini huyo mbwa tayari iko mu lupangu yako, na sahani yake mumeisha kuipata. Baba anatoka ku posti ya usiku, mama anafungua mulango wakati wa giza, watoto wanacheza mu kiwanja. Usalama hauishie ku mulango wa karieri. Ku kazi tunavaa kaske na bote, tunagombana na kapita juu ya ganti zilizopasuka, halafu ku nyumba tunafunga ku muti mnyama mwenye meno 42, mwenye woga, bila chanjo, mita mbili tu na watoto. Hiyo si usalama.

Neno la kwanza basi ni chanjo ya raje, kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba raje inaua karibu watu 59 000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliipata kwa mbwa. Watoto wanakuwa wengi mu hesabu hiyo, juu wanacheza na mbwa na hawasemi wakiumwa, wanaogopa kugombezwa. Mutu akishaanza kuonyesha alama za ugonjwa, karibu hakuna anayepona. Lakini ugonjwa huu unazuilika. Tangu mwaka 1885, wakati Louis Pasteur alimuchanja mutoto Joseph Meister kule Paris, dunia iko na dawa ya kuukata mbele haujafika ku bongo.

Mbwa usiyejua alikotoka, umuhesabu kama hajachanjwa. Mupeleke kwa munganga wa nyama mu siku za kwanza. Kama amepita miezi mitatu anaweza kuchanjwa, na chanjo irudiliwe vile munganga ataandika ku karte yake, mara nyingi kila mwaka. Siku ile ile omba dawa ya minyoo na ya kupe. Hiyo yote inaomba makuta, ndiyo. Lakini linganisha na bei ya kumutunza mutoto aliyeumwa, pamoja na siku za kazi utapoteza ukikimbia kutoka dispanseri moja hadi ingine kutafuta chanjo.

Na kama mutu ameumwa ao amekwaruzwa, musipoteze wakati. Osheni kidonda na maji mingi na sabuni, dakika 15 nzima, mutazame saa. Kisha lopitali, siku ile ile. Musitie makala, mafuta, petroli wala majani. Jiwe nyeusi ambayo wazee wanaweka ku kidonda haiwezi kufukuza raje. Na musikimbilie kumuua mbwa na kumutupa: kama anaweza kufungwa bila kumuma mutu mwingine, afungwe na aangaliwe siku 10. Akibaki muzima na mwenye afya siku hizo zote, munganga atajua kwamba wakati wa kuuma hakukuwa raje mu mate yake. Hiyo haizuie kwenda lopitali. Munakwenda kwanza, mbwa anaangaliwa nyuma.

Sasa tuseme juu ya kumuzoeza. Kode ya Kazi ya mwaka 2002 inajua kwamba mutu mupya anaomba wakati. Inaruhusu mwezi moja ya ese kwa mutumikaji asiye na ujuzi wa pekee, na hadi miezi sita kwa wengine. Mutu mwenye akili, anayesoma na kusikia luga, tunamupa miezi. Mbwa aliyepoteza nyumba, mabwana na chakula chake mu siku moja, sisi tunamupa usiku moja! Wale wanaofuga mbwa walioachwa wanahesabu hivi: siku tatu za kwanza hajui iko wapi, juma tatu anaanza kujua saa na desturi za nyumba, miezi mitatu njo anaanza kuamini kwamba hapa ni kwake. Si sheria ya kukata, wengine wanapita mbio, wengine wanakawia. Lakini ni kipimo kizuri.

Siku tatu za kwanza, musimufundishe kitu. Mupeni pembe moja ya kivuli, yenye gunia ya kulalia na maji safi, mahali watu hawapite sana. Watoto wasimuzunguke, wasimukumbatie, wasimutazame macho kwa macho. Kama analala, hakuna wa kumugusa. Kama anakula, hakuna wa kusogea. Mufunge na kamba ndefu ao ufunge lupangu vizuri, juu mbwa mupya akipata tundu anarudi kule alitoka, hata kama kule hakuna tena mutu. Munyororo mufupi muchana na usiku unamufanya akuwe mwenye hasira, hata sisi tungekuwa hivyo. Chakula saa moja kila siku: bukari na ndakala ni sawa, bila pilipili, bila kitunguu ambacho ni sumu kwa mbwa, na bila mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo inavunjika na kumutoboa matumbo.

Kisha familia ikae ku meza moja. Sisi tunabadilisha posti, leo muchana, kesho usiku, basi mutu ambaye mbwa atamuona kila siku si baba, ni mama na watoto wakubwa. Musikilizane ni nani anayemupa chakula na ni maneno gani mutatumia. Mu nyumba nyingi baba anasema "assis", mama anasema "kaa", kijana anapiga mulunzi, na mbwa anawatazama wote watatu sawa vile mutu ambaye ameitwa ku biro tatu kwa saa moja. Chagueni neno moja kwa kazi moja: "kuya", "kaa", "acha". Yatosha. Kama zamani alikaa kwa watu wa luga ingine, hiyo si shida, atajifunza yenu.

Namna ya kufundisha ni nyepesi. Muite jina, akigeuza kichwa tu, mupe kipande kidogo cha ndakala pale pale. Kesho muite mbele kidogo, akikuja, kipande. Akikaa, kipande na sauti nzuri. Dakika tano, mara tatu kwa siku, inapita saa moja ya kelele. Malipo ikuje mbio, mbele ya sekonde mbili, bila hiyo hajui unamulipa juu ya nini. Fimbo nayo ni vile vile: ukimupiga jioni juu ya kiatu alichotafuna asubuhi, anachojifunza ni kwamba wewe ukirudi ku kazi ni hatari. Sisi tunajua kapita wa namna hiyo, anayekukata falanga mwisho wa mwezi kwa kosa usilolikumbuka. Je, ule kapita alikufundisha kazi? Alikufundisha kumukimbia. Na neno hili mulishike: usimuite mbwa hata siku moja ili umupige. Siku utamuita kwa kumuokoa mbele ya motokari, hatakuja.

Kwa uchafu, mutoe nje asubuhi akiamka na kila mara akiisha kula, ungojee, akiisha umusifu. Akikosea mu nyumba, safisha, nyamaza. Kumusukuma pua mu mavi ni kumutesa bure.

Fundisheni watoto kusoma mwili wake. Mukia kati ya miguu, masikio nyuma, kulamba midomo bila chakula, kupiga mwayo bila usingizi, mwili kukauka sawa vile ubao: hiyo yote inasema "muniache". Akinguruma, watu wanasimama na kurudi nyuma polepole. Wengi wanamupiga ili aache kunguruma. Wandugu, mbele ya kulipua mini, sirene inalia, na kila mutu anakimbia ku mahali pa usalama. Kuna mutu anayekata sirene juu makelele yake inamuchosha? Ukiikata, baruti italipuka tu, ila bila onyo. Mbwa aliyepigwa juu ya kunguruma anakuwa vile: anauma bila kusema.

Na kwa wanaokaa karibu na karieri: mulipuko ule unaopasua kuta zetu unamutia mbwa woga mukubwa, zaidi yule mupya. Saa za kulipua zinajulikana. Mufungieni ndani ao pahali anaweza kujificha. Usimucheke, usimuvute kwa nguvu. Aachwe atulie.

"Lakini mimi nilitaka mulinzi!" Utamupata. Mbwa akijua watu wake, atabweka bila kufundishwa, na mwizi anaogopa kelele kuliko meno. Yule wa pilipili na bangi na kipigo hajui nani ni mwizi, nani ni mama mukwe. Anauma yeyote anayesogea. Kule Virunga, walinzi wa parke wanatumia mbwa wa kunusa kwa kufuata majangili. Mbwa wa kazi hiyo anafuata harufu saa nzima kwa sababu anamuamini yule anayeshika kamba yake. Woga haufanye kazi kama hiyo.

Ninabaki na maneno kwa wakubwa. Mbwa anayeachwa barabarani hakujileta. Kampuni inayotumia mbwa kwa ulinzi iandike mu kontra nani atamubeba kazi ikiisha. Shefu anayekuja na mbwa aondoke naye, ao amukabizi kwa mutu, na karte ya chanjo mukononi. OMS inasema tukichanja mbwa 70 kwa 100 mu eneo, raje inakatika. Kode ya Madini iliyogeuzwa mwaka 2018 inaomba kampuni ya madini itoe 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu walio jirani, na iandikishane nao kaye de sharji. Kila mara tunaandika shule, maji, barabara, na ni haki. Tuandike pia chanjo ya mbwa kila mwaka mu kartiye zinazozunguka karieri. Lubumbashi iko na fakiltee ya waganga wa nyama ku UNILU. Wanafunzi wake wanaomba kazi ya mikono, sisi tunaomba chanjo. Tarehe 28 mwezi wa 9, siku ambayo dunia inakumbuka mapambano na raje, ni siku nzuri ya kuanza.

Wadelege wenzangu, muweke jambo hili ku meza ya kamati ya usalama, na musikubali mutu aliite mchezo. Na wewe mama ao baba ambaye juzi ulileta mbwa ku nyumba: leo jioni tazama kama iko na maji na kivuli, uliza munganga wa nyama anafungua saa ngapi, na ficha ile fimbo. Keshokutwa anza na jina lake.