Kuhama Chuo na Mashua ya Mayatima



Juma hili tumepokea barua kutoka Mbita, kando ya ziwa, katika kaunti ya Homa Bay. Mama yetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, ametueleza kwamba binti yake, kifungua mimba, amepangiwa ualimu katika Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Binti anatamani kuhamia Chuo Kikuu cha Nairobi asomee udaktari. Ametokea mtu anayeahidi kulipitisha ombi hilo kwa fedha, na mama anauliza kama inafaa aiuze mashua ya kuvulia omena aliyoiacha marehemu. Tumeona tulijibu hapa, kwani swali la namna hii halina pwani wala ziwa. Linawakabili wazazi wengi kila mwaka.

Tuanze na kanuni. Nafasi za serikali hugawiwa na KUCCPS, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Aliyepata C+ na zaidi katika KCSE ana haki ya kuomba shahada, lakini kuomba si kupata. Katika mtihani wa mwaka 2024 waliofikia daraja hiyo walizidi 246,000, na nafasi za udaktari katika vyuo vya umma ni chache mno mbele ya umati huo. Kinachoamua ni pointi za klasta, zinazohesabiwa kwa masomo manne yanayohusiana na kozi pamoja na matokeo ya jumla, na ukomo wake ni 48. Pointi za mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi ndizo kizingiti cha kozi ile kwa mwaka ule.

Kuhama kunaruhusiwa. Ombi hupelekwa kwa njia ya tovuti ya KUCCPS katika muda uliotangazwa. Ni sharti chuo anachotoka na chuo anachokwenda viridhie, iwepo nafasi, na mwombaji awe amekifikia kizingiti cha kozi anayoitaka. Sharti hili la mwisho ndilo wazazi wengi hulisahau. Pointi alizotoka nazo mtoto katika KCSE haziongezeki kwa kuketi chuoni muhula mmoja, hata akiwa wa kwanza darasani.

Basi mama, kabla ya kutoa hata shilingi, tazameni pamoja na binti pointi zake za klasta ya udaktari, mzilinganishe na kizingiti cha Nairobi cha mwaka aliopangiwa. Zikifika, na aombe kwa uwazi, akijua kwamba nafasi ikikosekana ombi litarudi. Zisipofika, hakuna mja wa kuzipandisha kwa halali.

Ama yule anayedai fedha, hali yake haitoki katika mambo mawili. Ama hana uwezo alioudai, na huo ni utapeli. Au anao, na basi atakachomuuzia binti yako ni nafasi ya mtoto wa mwenzako aliyeistahiki. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, amewakemea mtoa rushwa na mpokeaji kwa pamoja. Na elimu ya kutibu viumbe isianzie katika dhulma.

Tuje kwenye mashua. Mama, mashua ile si yako peke yako. Aliyekufa akaacha watoto, fungu la mkewe ni thumuni, baada ya madeni na wasia. Iliyobaki ni ya watoto wote na warithi wengine waliopo. Wadogo watatu wana haki katika kila ubao wake, na Qur'ani imetoa onyo kali juu ya mali ya yatima. Kuiuza chombo kinacholisha nyumba kwa ajili ya ahadi ya mtu mmoja ni kuwatia wote majini.

Hatusemi binti aizime hamu yake. Waislamu tunahitaji madaktari wa kike, na kuwapata ni faradhi ya kutoshelezana. Lakini njia ni nyingi. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kina tawi Homa Bay, na wapo walioanza na diploma ya utabibu wakapanda hadi shahada. Wala ualimu si unyonge. Mwalimu mmoja wa kemia na biolojia huweza kutoa madaktari wengi. Tena asiuache mbachao kwa msala upitao: asiiachilie nafasi aliyo nayo kabla ya kuipata nyingine kwa maandishi.

Ng'ambo ya daraja la Mbita, kisiwani Rusinga, amezikwa Tom Mboya mwenyewe. Alisomea ukaguzi wa afya, akaenda Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955, na hakuwa na shahada. Lakini mwaka 1959 alishiriki kuwapeleka vijana 81 kusoma Marekani. Nasi wa pwani tunaijua taasisi ya elimu ya Kiislamu, MIOME, iliyoanza na mafunzo ya ufundi Mombasa. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Daraja hupandwa, ila kwa ngazi zake.

Wazazi wenzetu, wasikilizeni watoto, someni kanuni pamoja nao, kisha swalini istikhara. Mwenyezi Mungu awafungulie mayatima wetu milango ya kheri, na awatosheleze kwa halali yake.

Wabillahi tawfiq.